Njano ya Nyuma ya Kioo

Watu wa Igulwa walikuwa wamekwisha kukubaliana jambo moja kuhusu Mzee Yeremia Machibya: akikwambia mvua inanyesha, toka nje ukaone mwenyewe. Huyu ndiye aliyesimulia jinsi alivyoipaka rangi meli nzima ikiwa safarini, akaanza na pua wakitoka Mwanza, akamalizia nyuma wakitia nanga Bukoba, na abiria wote wa daraja la tatu wakashuka na makalio meupe. Ndiye mwenye habari ya sangara aliyemeza kopo lake la rangi nyekundu, akavuliwa siku ya pili, na wachuuzi wa Mwaloni kule Kirumba wakamgombania wakidhani ni samaki wa aina mpya.

Kwa hiyo Ijumaa ile, saa saba na robo mchana, alipojikuta amebanwa nyuma ya dirisha la kanisa kama kitabu kwenye kabati, jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa sala. Aliwaza kwamba hiki ndicho kisa kitamu kuliko vyote alivyowahi kupata, na kwamba hataweza kumsimulia mtu yeyote.

Dirisha lenyewe ni lile kubwa la upande wa ziwani, la vioo vya rangi, Petro mvuvi ameinama kwenye mtumbwi akivuta wavu. Limekuwepo tangu mwaka elfu moja mia tisa ishirini na sita. Ukuta wa kanisa ni wa mawe, mnene, na dirisha limepachikwa upande wa ndani, kwa hiyo upande wa nje kunabaki ukingo wa jiwe wa kukalia kuku wawili. Mbele ya ukingo huo parokia iliweka fremu ya plastiki ngumu ili kuzuia mawe na mvua, na miaka ya jua ikaifanya plastiki hiyo kuwa nyeupe kama maziwa. Ukisimama nje huoni ndani. Ukiwa ndani huoni nje. Machibya alikuwa katikati.

Asubuhi fundi Chenge alikuwa amejenga jukwaa la mirunda na kuifungua fremu, kwa sababu mtaalamu alikuwa anakuja kulipima dirisha. Machibya alisubiri fundi aende kula cha mchana, akapanda na miaka yake sabini na moja, akaingia, akafanya alichokuja kufanya. Alikuwa anajiandaa kutoka aliposikia jukwaa likilia. Chenge huyo, nyaya za simu masikioni, anabishana na mtu kuhusu mechi ya jioni pale Kirumba.

"Upepo wa ziwa huu, ngoja nifunge hili dude kwanza," Chenge alimwambia mtu wa simu. "Hapana, sikwambii wewe refa. Nasema dude!"

Fremu ikaja, ikamsukuma Machibya kwenye kioo, kitumbo kikalala. Spana ikalia mara mbili: kri, kri. Machibya akafungua mdomo apige kelele, na wakati huohuo, kutoka ndani ya kanisa, akasikia sauti anayoijua kuliko zote duniani.

"Karibu Daktari, karibu Padre. Dirisha lenyewe ndilo hilo. Nimelipangusa leo alfajiri."

Mdomo akaufunga. Yule alikuwa Bernadeta, mkewe.

Sasa ili ujue kwa nini mtu mzima na akili zake alijichomeka kule, lazima turudi nyuma hadi mwaka wa themanini na saba. Bernadeta alikuwa msichana, ndiyo kwanza amekabidhiwa funguo za kanisa. Jioni moja alikuwa akifukuza popo kwa ufagio wa mti mrefu, mti ukamponyoka, ukaingia usoni mwa Petro. Kichwa kizima na duara lake la njano la utakatifu vikawa vigae sakafuni. Paroko wa wakati ule alikuwa likizo Ulaya, na alikuwa mtu wa hasira. Bernadeta alikaa chini akalia, na aliyemkuta akilia alikuwa kijana mpaka rangi wa meli aliyekuja kuomba maji ya kunywa. Hivi ndivyo Machibya anavyosimulia. Ukweli ni kwamba alikuwa akimfuata tangu Pasaka.

"Nipe wiki tatu," alimwambia.

Wiki tatu baadaye Petro alikuwa na kichwa kipya. Paroko aliporudi alilitazama dirisha, akasema limepanguswa vizuri, akaenda kulala. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa. Siri hiyo hawakuitaja tena hata kitandani.

Na Jumapili hii, keshokutwa tu, parokia ilikuwa imuite Bernadeta mbele ya waumini wote, imvike kitenge na kumpa cheti. Kwenye cheti kimeandikwa, Machibya alikisoma kwa macho yake: *Kwa kulitunza dirisha letu la asili bila dosari.* Bernadeta alipokiona hakula siku mbili. Mumewe akajua kwamba ni lazima afanye kitu.

Alijisomea. Mzee huyu hakumaliza darasa la saba, lakini simu ya binti yao Gladness aliitumia hadi chaji ikaisha. Akajifunza kwamba rangi za kale za madirisha si rangi kama hizi zetu. Ni unga wa kioo chenye madini ya risasi, ukachanganywa na kutu ya chuma au ya shaba, ukakorogwa kwa siki, ukapakwa, ukachomwa motoni hadi ukashikana na kioo. Mtaalamu anapokuja na mashine yake ya eksirei, anatafuta hivyo: risasi, chuma, shaba. Basi, kazi rahisi. Vipande vya risasi vinavyofungwa kwenye nyavu alivipata mwaloni, akavisaga kwa tupa. Kutu aliikwangua kwenye mtumbwi wa bati. Siki akaichukua jikoni. Ujiuji huo ndio aliokuwa ameupaka sasa hivi nyuma ya kichwa cha Petro, akautandaza vizuri kama siagi. Hesabu yake ilikuwa moja: eksirei ya hospitali inaona mbavu ikipita kwenye shati, basi hii nayo itapita kwenye kioo, itakuta risasi, itafurahi, itaondoka.

"Shikamoo mama," alisema mtaalamu. Jina lake Daktari Rozina Orwa, mtu wa Mara, sauti yake changa na haina haraka. "Umelitunza kweli. Tangu lini?"

"Marahaba mwanangu. Tangu themanini na saba."

"Basi wewe ndiye utanisaidia. Dirisha lina miaka yake, na rangi imeanza kubanduka sehemu sehemu. Kabla hatujaligusa kwa maji wala dawa, lazima nijue kila rangi imetengenezwa na nini. Mashine hii inapiga mionzi, kioo kinajibu, nami nasoma jibu."

"Kama bunduki," alisema Padre Obedi. Alikuwa paroko mpya, kijana, bado anaogopa kuvunja vitu.

"Kama bunduki, Padre. Na kama bunduki, hatusimami mbele yake. Kule nyuma ya kioo kuna mtu?"

"Chenge!" Padre aliita kupitia mlango. "Kule nje kuna mtu?"

"Hakuna, Padre!" Chenge alijibu kutoka chini. "Nimefunga mwenyewe. Mimi nakimbia mara moja, narudi!" Pikipiki ikawaka, ikaondoka, na spana ikaondoka nayo.

Machibya alichuchumaa taratibu nyuma ya mtumbwi wa Petro, maana huko chini kioo kilikuwa cha kahawia na kingemficha. Alichukua kopo lake la unga wa risasi akalikumbatia kifuani. Alikuwa amesoma kwamba risasi huzuia mionzi. Kisha akafikiri tena, akalishusha chini kidogo, mahali pa muhimu zaidi.

Jua lilikuwa limeanza kuinamia ziwani. Plastiki ikapata moto. Siki ikaanza kunuka. Shati likamganda mgongoni, goti la kulia likaingia kwenye pembe ya jiwe na kukataa kutoka, na nondo inayoshikilia vioo ilikuwa imekamata mkanda wake kwa nyuma kama askari. Alijaribu kugeuka. Hakugeuka. Alijaribu kurudi alivyokuwa. Hata hapo hakurudi.

"Mbona mtumbwi umekuwa mweusi?" aliuliza Padre. "Kuna kivuli pale chini."

Machibya alisikia hatua za mkewe zikisogea. Bernadeta amelipangusa dirisha lile kila wiki kwa miaka karibu arobaini. Kila kivuli chake anakijua. Alisimama upande wa pili wa kioo, karibu kiasi kwamba Machibya aliona rangi ya kilemba chake ikipita kwenye bluu ya maji.

"Ni popo, Padre," alisema Bernadeta polepole. "Popo mmoja mkubwa. Mzee."

"Nikamfukuze?"

"Mwache. Hana pa kwenda."

Mashine ikaanza. Ilikuwa inalia tii, inanyamaza, halafu Daktari Rozina anasoma kwa sauti na kuandika. Joho: risasi, chuma. Wavu: risasi, chuma, shaba kidogo. Mikono: risasi, chuma. Kila aliposema risasi, Machibya aliitikia kwa kichwa kama mwalimu anayesikiliza mtoto akijibu vizuri.

"Na inaona hadi nyuma ya kioo?" aliuliza Padre. Machibya angembusu.

"Haioni, Padre. Kwa risasi na chuma inasoma ngozi ya juu tu. Unene wa kioo unatosha kuzuia jibu lisirudi. Ndiyo maana napima pande zote mbili. Nikimaliza huku ndani, nazunguka nje, nafungua ile fremu."

Machibya akapiga hesabu upya. Uso wa Petro, ndevu, macho, mikunjo ya paji, vyote alivipaka upande wa ndani, miaka ile. Ujiuji wake wote wa risasi upo upande wa nje. Alikuwa amemfunga mgonjwa bendeji mguu ambao si wenyewe. Na sasa mganga anakuja kuuona huo mguu.

Tii.

Daktari akasogeza mashine kidogo. Tii. Akapima tena. Tii.

"Ajabu," alisema hatimaye. "Ndevu hazina risasi kabisa. Zina titani. Titani na zinki."

"Hiyo maana yake nini?"

"Titani ndiyo inayoipa rangi weupe siku hizi. Ukutani, kwenye mabomba, kwenye meli. Waliotengeneza dirisha hili hawakuchomea titani kwenye kioo. Kichwa hiki si cha asili, Padre. Kimepakwa rangi ya dukani, haikupita motoni. Ona inavyobanduka hapa kwenye sikio."

Nje, kati ya plastiki na kioo, tone la jasho lilishuka kwenye pua ya Machibya na kuning'inia, na mikono yote miwili ilikuwa imekwama na kopo.

"Mama Bernadeta," alisema Padre. Hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. "Funguo za kanisa hili unazo wewe tu tangu sijazaliwa. Jumapili nakusimamisha mbele ya watu. Nimwambie nini askofu? Kuna mtu aligusa dirisha hili?"

Machibya alisikia mlio mdogo wa chuma. Aliujua. Ni funguo za Bernadeta, thelathini na moja, kwenye pete moja kiunoni. Alikuwa anazishika kama anavyozishika akiwa na hofu. Bila funguo hizo yule mwanamke angeamka saa ngapi, na aende wapi?

"Padre," Bernadeta alianza, "mimi..."

"NILIKIVUNJA MIMI!"

Sauti ilitoka kwa Mtakatifu Petro. Kule ndani, kwa mtu aliyesimama sakafuni, haikuwa na mahali pengine pa kutokea. Padre Obedi alipiga goti moja chini kabla hajafikiri, na Daktari Rozina akaikumbatia mashine yake kama mtoto mchanga.

"Nilikivunja mimi kwa manati!" Petro aliendelea. "Nilikuwa nawinda kanga. Kanga mmoja mkubwa, anakaribia mbuni! Akaingia mlangoni, akapita juu ya altare, nami nikamlenga..."

"Baba Gladness," alisema Bernadeta.

"...na manati yenyewe ilikuwa ya mpira wa tairi la trekta..."

"Baba Gladness! Toka humo."

Plastiki ikasukumwa kwa nyuma, haikuachia.

"Siwezi," ilisema sauti, ndogo zaidi. "Chenge amefunga bolti."

Padre alinyanyuka, akajipangusa goti kwa aibu. "Huyo ni Mzee Machibya?"

"Ndiye."

"Amefikaje huko?"

"Muulize. Atakwambia alibebwa na korongo." Bernadeta aliufungua mkono wake kwenye funguo. "Padre, mtu huyu amedanganya maisha yake yote, na hapo pia amedanganya. Hakuna kanga, hakuna manati. Nilivunja mimi. Kwa ufagio, nikifukuza popo. Yeye alitengeneza kingine ili nisifukuzwe. Nimekaa na jambo hili miaka yote hii, kila Jumamosi nalipangusa na kulitazama, nalo linanitazama. Hicho cheti kichaneni. Na hizi hapa."

Funguo zikalia mara ya mwisho, zikatua kwenye kiganja cha Padre. Machibya alifumba macho. Alikuwa amepiga kelele ili kuzuia mlio huo huo.

Aliyesema kwanza ni Daktari. Alikuwa amerudi kwenye dirisha, pua karibu na kioo, upande wa lile duara la njano kichwani mwa Petro.

"Mzee," aliita, "shikamoo."

"Marahaba," ilijibu njano.

"Ndevu nimeelewa, ni rangi ya meli. Lakini hii njano haijapakwa huku ndani. Nimepitisha ukucha, hakuna kitu. Imezama kwenye kioo, kama chai kwenye maji. Njano ya namna hii naijua moja tu, ya madini ya fedha. Inapakwa nyuma, inachomwa. Dirisha hili la zamani linayo, kule kwenye jua na samaki. Wewe uliipata wapi?"

Machibya akafungua mdomo. Ulimini uongo ulikuwa umekwisha kupanga foleni: fedha ya kwenye taji la malkia, fedha iliyotapikwa na mamba. Lakini jua lilikuwa linampiga kisogoni, kiu imemkausha, na goti linalia. Hakuwa na nguvu ya kubuni.

"Studio ya picha," alisema. "Mjini. Picha za zamani zilikuwa zinaoshwa kwa dawa, na ile dawa ikichakaa inabaki na fedha ndani yake. Walikuwa wanaimwaga. Mimi nikaikinga kwenye ndoo, nikaiacha itulie, nikapata tope jeusi. Nikalichanganya na udongo mwekundu, nikapaka nyuma ya kioo cha dirisha la kawaida. Bruda mmoja mzee wa misheni, marehemu sasa, ndiye aliyenionjesha siri hiyo: njano hupakwa mgongoni. Nikaweka kioo kwenye chungu, nikakizungushia majivu, nikaenda kwa wahunzi. Vipande kumi na kimoja vilipasuka. Cha kumi na mbili kikatoka. Nikafuta udongo, na chini yake nikakuta hiyo njano." Akalamba midomo iliyokauka. "Nililia, kusema kweli. Wahunzi wakadhani nimeungua."

Padre Obedi alicheka. Hakukusudia, kilimtoka tu. "Dawa ya picha! Mzee Machibya, hata sasa? Na yule sangara naye alikuwepo?"

Hapo ndipo Machibya alipobanwa kweli. Mawe, plastiki, nondo kwenye mkanda, hayo yote ni nyumba ya wageni ukilinganisha na hili. Ametembea na neno moja la kweli kifuani tangu ujana, la thamani kuliko meli zote alizopaka, na siku ya kulitoa amelitoa kwa mdomo ule ule uliomtoa sangara.

"Ni kweli," alisema Bernadeta. "Dawa ya ile ndoo ilitoboa kanga yangu ya kuvaa."

"Inawezekana, Padre," alisema Daktari, naye hakucheka. "Sitasema ndiyo kabla mashine haijasema. Lakini inawezekana kabisa. Nipeni dakika moja upande wa nje. Kama ni fedha, itaandika fedha. Na nikikuta kitu kingine kule nyuma..."

"Utakuta risasi," alisema Machibya haraka. "Na kutu. Hiyo ni ya leo. Ifute kwanza, tafadhali, usije ukaipima."

Safari hii aliyecheka ni Daktari.

Chenge alipigiwa simu, haikupatikana. Mechi ilikuwa imeanza. Spana nyingine ipo, alisema Padre, kwenye sanduku la vifaa, kwenye chumba cha chini ya mnara. Akaenda na funguo. Machibya alimsikia kwa mbali akijaribu: ufunguo, kufuli, hapana. Ufunguo mwingine, hapana. Funguo thelathini na moja, hakuna hata mmoja wenye alama, na nusu yao ni za milango iliyokwisha kubomolewa. Jua lilikuwa limefika usawa wa plastiki. Machibya alihesabu hadi funguo kumi na nne, kisha akaacha, maana kuhesabu kulimwongezea kiu.

Nyayo za Padre zikarudi. Zilisimama mbele ya Bernadeta muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Mama," alisema Padre. "Chukua."

"Padre, nimekwisha..."

"Chukua. Mimi nitawaua wazee wa watu humu. Cheti tutaandika kingine, tutaona cha kuandika. Kwanza nenda ukafungue."

Mlio wa chuma tena. Machibya aliinua kichwa kadiri shingo ilivyoruhusu, jicho moja likafika usawa wa duara la njano, mahali ambapo ujiuji ulikuwa umekauka na kudondoka. Akamwona mkewe kupitia pale, wa njano mwili mzima, anafunga pete ya funguo kiunoni bila kuziangalia.

"Mama Gladness," aliita. "Fanya haraka kidogo."

Bernadeta alisimama, akatazama juu.

"Umengoja miaka yote hiyo uaminiwe," alisema. "Dakika kumi zitakuua?"

Akaondoka, hana haraka, na Machibya akabaki kwenye joto lake, tumbo kwenye kioo, akiisubiri mashine ije imsemee.